Jiandae na dharura ya angani ukiwa bado ardhini

Wanafunzi wanaokaribia kuruka peke yao kwa mara ya kwanza huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Mwalimu, injini ikizima nami niko peke yangu, nitaweza?" Huwa nawarudishia swali. Nitajie sasa hivi kasi ambayo ndege yako inapaswa kushuka nayo injini ikiwa imezima. Mwanafunzi akianza kutafuta jibu darini, siku hiyo haruki peke yake. Tunarudi mezani.

Sifanyi hivyo kwa ukali. Nafanya hivyo kwa sababu najua mshtuko unavyofanya kazi. Injini inapokata, mwili unaganda kwa sekunde kadhaa, macho yanakodoa kitu kimoja, na kichwa kinakataa katakata kwamba jambo hili linatokea kweli. Katika hali hiyo hutavumbua jibu. Utatumia lile lililokwishawekwa mikononi mwako kabla, na kama halipo, mikono itafanya kitu cha kwanza kinachoijia, ambacho mara nyingi ni kuvuta usukani. Ndiyo maana mwongozo huu unahusu zaidi kazi ya kufanya ukiwa chini, wakati una muda na chai yako iko pembeni.

Mimi hufundisha kwa ndege ndogo za injini moja, hasa Cessna 172, kwa hiyo namba nitakazotaja ni za ndege hiyo, modeli ya 172S. Zako zitoe kwenye kitabu cha ndege unayorusha wewe. Kitabu hicho na mwalimu wako ndio wenye neno la mwisho.

Rusha ndege kwanza

Marubani wa dunia nzima hufundishwa mpangilio mmoja: rusha ndege, elekeza ndege, kisha wasiliana. Kila mwanafunzi anaweza kuukariri siku ya kwanza. Kuuishi ni kazi nyingine, kwa sababu dharura ina tabia ya kukuvuta macho kwenye kitu kidogo kinachopiga kelele.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, safari namba 401 ya Eastern Air Lines ilikuwa inakaribia kutua Miami. Taa ndogo ya kuthibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Marubani wote wakazama kwenye taa ile. Hakuna aliyeona kwamba mtambo wa kurusha ndege wenyewe ulikuwa umeacha kushikilia mwinuko, na ndege ikashuka polepole hadi ikagonga kinamasi cha Everglades. Injini zilikuwa nzima, mabawa yalikuwa mazima. Kilichoungua ni balbu. Hao walikuwa marubani wazoefu wa ndege kubwa. Mwanafunzi mwenye saa chache anahitaji kinga imara zaidi dhidi ya jambo hilohilo.

Nimeliona kwa macho yangu kwa kiwango kidogo. Tulikuwa ndiyo kwanza tunaacha ardhi, mlango wa upande wangu ukafyatuka. Upepo ukaingia kwa kelele, karatasi zikaruka, na mwanafunzi wangu akaachia macho yake kutoka mbele na kuanza kunyoosha mkono kuelekea mlangoni. Nilimwambia neno moja tu: "Pua." Akarudisha macho, akaweka pua mahali pake, akashika kasi, tukazunguka uwanja na kutua kama siku zote. Mlango wa 172 ukifunguka angani, hewa inayopita huubana karibu na mahali pake. Ndege inaruka vizuri tu. Hatari yake iko kwa rubani anayeacha kurusha ndege ili afunge mlango.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni hili: jizoeze kusema kwa sauti "pua, kasi" kila jambo lisilo la kawaida linapotokea, hata likiwa dogo kama kalamu kudondoka. Sema kwa sauti, si moyoni. Sauti yako mwenyewe inasaidia kuuvunja ule mgando.

Maelezo ya kabla ya kuondoka

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na wanafunzi, na sioni haya kurudia. Injini kuzima ukiwa futi 5,000 ni tatizo lenye dakika ndani yake. Injini kuzima ukiwa futi 300 baada ya kuondoka ni tatizo lenye sekunde, na uamuzi wake lazima uwe umeshafanyika kabla hujasukuma wenzo wa nguvu.

Kabla ya kuingia kwenye njia ya kurukia, mwanafunzi wangu husema maneno yake kwa sauti, hata akiwa peke yake. Yanakuwa hivi: "Injini ikisumbua nikiwa bado ardhini, naondoa nguvu zote, nakanyaga breki, nabaki kwenye njia. Ikizima nimeshapaa na njia bado ipo mbele, nashusha pua na kutua palepale. Ikizima njia imeisha, nashusha pua na kutua mbele yangu, nikikwepa vikwazo kwa kupinda kidogo tu kushoto au kulia. Chini ya mwinuko tuliokubaliana na mwalimu, sirudi uwanjani." Halafu anataja upepo unatoka wapi na mbele ya njia ile kuna nini: uwanja wazi, miti, maji, majengo. Kila njia ina majibu yake, kwa hiyo maneno haya hayasemwi kama kasuku. Hubadilika kila upepo unapobadilika.

Kwa nini nasisitiza kutorudi? Kwa sababu uwanja ule mpana na laini ulio nyuma yako una mvuto mkubwa, na umeua wengi. Fanya hesabu pamoja nami. Kurudi si kugeuka nusu duara tu. Ukigeuka digrii 180 utakuwa sambamba na njia lakini pembeni yake. Itakubidi uendelee kugeuka ili uifikie, kisha ugeuke upande wa pili ili unyooke nayo. Yote hayo bila injini, karibu na ardhi, baada ya kupoteza sekunde kadhaa kwenye mshtuko. Ukilaza mabawa digrii 45 ili ugeuke haraka, kasi ambayo mabawa huacha kubeba ndege, ile tunayoiita stoli, inapanda kwa takriban asilimia 19. Ndege ambayo ingestoli kwa noti 50 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) ikiwa imenyooka sasa itastoli kwa karibu noti 60. Ukilaza digrii 60, ongezeko linafika asilimia 41. Na ardhi inapokaribia, mkono wa binadamu huvuta. Ukifanikiwa kugeuka, upepo uliokuwa usoni sasa uko mgongoni, na unatua kwa kasi kubwa zaidi juu ya ardhi.

Kutua mbele, mabawa yakiwa sawa, ndege ikiwa bado mikononi mwako, ni jambo ambalo watu hutoka nalo hai hata kama ndege itaharibika. Nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi: punguza kasi nusu, nishati inabaki robo. Ndege ina bima. Itumie kukulinda.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kujua kuhusu kuondoka. Wakati wa kupaa pua iko juu na ndege inategemea injini. Injini ikikata, kasi inayeyuka papo hapo. Kushusha pua kunapaswa kuwa kwa uhakika zaidi kuliko mwanafunzi anavyodhani. Mwombe mwalimu akuonyeshe hilo kwenye mwinuko salama: panda kwa kasi ya kupaa, aondoe nguvu, usubiri sekunde tatu bila kufanya kitu, kisha uangalie kipima kasi kimefika wapi. Ukishaona mara moja, hutahitaji kushawishiwa.

Injini ikizima ukiwa juu

Kasi ya kuelea ya 172S bila injini, ikiwa na uzito wake wa juu kabisa, ni noti 68. Kwa kasi hiyo ndege husonga mbele takriban futi 9 kwa kila futi moja inayoshuka. Ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi, pasipo upepo, hiyo ni kama kilomita 8 na dakika nne hivi. Yaonekana mengi. Toa mshtuko, toa kugeuka, toa upepo wa usoni, utaona kwa nini nawaambia wachague mahali palipo karibu nao, mara nyingi chini ya bawa lao, badala ya kile kiwanja kizuri kilicho mbali kwenye upeo wa macho. Wanafunzi wengi hutazama mbele tu. Tazama kushoto, tazama kulia, na kumbuka kwamba pahali pazuri pengine umeshapapita.

Unatafuta nini? Urefu wa kutosha, uso mgumu na tambarare, upepo ukitoka mbele. Shamba lililolimwa litue kwa kufuata matuta, usiyakate. Nyaya za umeme hazionekani ukiwa juu. Tafuta nguzo, na ukiziona chukulia kwamba nyaya zipo kati yake. Barabara huvutia, lakini ina nguzo, magari na alama pembeni. Ukishachagua, baki na chaguo lako isipokuwa limeonekana wazi kuwa baya na bado una mwinuko. Kubadili mawazo ukiwa futi 500 ndiko kunakopeleka ndege kwenye miti iliyo kati ya mashamba mawili, ambayo yote yangefaa.

Panga kufika juu ya eneo lako ukiwa na mwinuko wa ziada, kisha uupunguze: kwa kupinda, kwa flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa ili ndege ishuke kwa mwinamo zaidi), kwa kuteleza kwa ubavu kama ndege yako inaruhusu. Mwinuko uliozidi una njia nyingi za kuuondoa. Uliopungua hauna dawa.

Ukishaelekea mahali pako, na si kabla, jaribu kuiwasha injini. Hapa mikono ifuate njia moja kila siku. Katika 172S mimi huwafundisha kuanzia sakafuni kupanda juu, kisha kushoto: kiteuzi cha mafuta kiwe kwenye matangi yote mawili, vali ya mafuta iwe wazi, mchanganyiko wa mafuta na hewa uwe mzito, pampu ya mafuta iwashwe, ufunguo uwe kwenye magineto zote mbili, yaani vifaa vinavyotoa cheche za injini. Ikikubali, vizuri. Ikikataa, chukua karatasi ya orodha kama muda upo, hakikisha hujaruka kitu. Ukikaribia ardhi na hakuna matumaini, geuza kazi: funga mafuta, kaza mikanda, fungua komeo la mlango ili usibanwe ndani fremu ikipinda, na zima swichi kuu ukishamaliza kushusha flapu, maana flapu za ndege hiyo zinatumia umeme.

Kama ndege yako ina kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, wenzo wa joto la kabureta uwe wa kwanza kabisa, kwa sababu joto hilo linatoka kwenye bomba la moshi na linapoa haraka injini ikishazima. Barafu ya kabureta ni adui wa kimya. Mafuta yanapogeuka mvuke ndani ya kabureta hewa hupoa sana, kiasi kwamba barafu inaweza kuganda hata siku ambayo nje kuna nyuzi 25 na unyevu mwingi. Kwenye ndege yenye propela isiyobadilika pembe, dalili ya kwanza ni mizunguko ya injini kupungua polepole bila wewe kugusa kitu. Nilikuwa na mwanafunzi asubuhi moja yenye ukungu mwepesi pale sindano ilipoanza kushuka. Akavuta joto, na injini ikaanza kukohoa vibaya zaidi. Mkono wake ukataka kurudisha wenzo. Hapo ndipo somo lilipo: barafu inayoyeyuka inapita ndani ya injini kama maji, na kwa muda mfupi hali huonekana kuwa mbaya zaidi. Uache wenzo mahali pake. Injini yetu ilitulia na nguvu zikarudi.

Kuomba msaada

Wanafunzi huogopa kutangaza dharura kana kwamba wataitwa kwenye kamati ya nidhamu. Acha woga huo leo. Tarehe 25 Januari 1990, safari namba 52 ya Avianca ilikuwa ikisubiri kutua New York huku mafuta yakiisha. Wafanyakazi wake waliomba kipaumbele, walisema mafuta yanakwisha, lakini hawakutangaza dharura kwa maneno rasmi, na waongozaji hawakuelewa ukubwa wa hali. Ndege ikaanguka Long Island na watu 73 wakafa. Neno rasmi hufungua milango ambayo maelezo marefu hayafungui.

Mayday mara tatu ni kwa hatari kubwa ya sasa hivi. Pan-pan mara tatu ni kwa jambo la haraka ambalo bado halijatishia maisha. Baada ya hapo taja unayemwita, jina la ndege yako, kilichotokea, unachokusudia kufanya, ulipo, mwinuko na uelekeo, na idadi ya watu ndani. Andika mfuatano huo kwenye kadi, uache nafasi za kujaza, uibandike kwenye ubao wa pajani. Kama tayari unaongea na mnara wa kuongozea ndege, baki kwenye masafa hayohayo. Kama huna unayeongea naye, tumia masafa ya dharura, 121.5. Transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada, iweke namba ya dharura, 7700. Na kama hali haikuruhusu kusema lolote kwa sababu unarusha ndege, umefanya sahihi.

Redio ikifa, angalia kwanza vitu vya aibu ndogo: sauti, plagi ya hedseti, masafa, sakiti breka. Ikibaki imekufa, weka transponda 7600, na utazame taa za mnara. Kijani isiyopepesa ni ruhusa ya kutua. Nyekundu isiyopepesa ni kupisha na kuendelea kuzunguka. Nyekundu inayopepesa inasema uwanja si salama, usitue. Jifunze hizi kwa kumwomba mtu akuulize bila mpangilio.

Moto, umeme, mawingu

Moto wa injini angani: mchanganyiko kata, mafuta funga, swichi kuu zima, joto la ndani funga, shuka haraka, kitabu cha 172S kinaanza na noti 100. Usijaribu kuiwasha tena. Harufu ya plastiki inayoungua ni moto wa umeme: zima swichi kuu. Injini itaendelea, kwa kuwa magineto hazitegemei betri. Jambo hili wanafunzi wengi hulijua kwa mtihani lakini hawaliamini. Mwulize mwalimu akupitishe hatua kwa hatua.

Altaneta, jenereta ya umeme wa ndege, ikikata bila moshi, una betri tu. Zima usivyovihitaji, elekea uwanja wa karibu, usihesabu dakika kwa matumaini.

Mawingu yanastahili hofu yako kuliko moto. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954, marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo waliwekwa kwenye hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Ukijikuta ndani ya wingu, masikio yako yatakudanganya kwa ujasiri mkubwa. Tazama upeo wa bandia, chombo kinachoonyesha mkao wa ndege, nyoosha mabawa, kisha geuka taratibu digrii 180 na urudi ulikotoka. Kwa mzunguko wa kawaida, digrii tatu kwa sekunde, ni dakika moja. Fanya mazoezi haya na mwalimu hadi yachoshe.

Mazoezi ya ardhini

Omba funguo za ndege siku ambayo hairuki. Kaa kitini, fumba macho, na uguse kila kitu kwa kukitaja: kiteuzi cha mafuta, vali, mchanganyiko, pampu, ufunguo, swichi kuu. Hakikisha umeme umezimwa, usiwashe chochote. Ukiweza kuvipata vyote bila kuona, umeshapiga hatua kubwa. Nyumbani, chapisha picha ya dashibodi, iweke mbele ya kiti na umwombe mtu yeyote aseme neno "injini" wakati usioutarajia. Fanya mikono itembee, sema kwa sauti. Simuleta ya kompyuta inafaa kwa mfuatano, haifai kwa hisia za usukani.

Usitoe nguvu za injini kwa mazoezi ukiwa peke yako angani. Hilo ni la kufanya na mwalimu tu. Unachoweza kufanya peke yako, na nakuomba ukifanye katika kila safari, ni kujiuliza kila dakika chache: ikizima sasa, naenda wapi? Upepo uko wapi? Jibu, kisha endelea na safari.

Na usipuuze ukaguzi wa kabla ya kuruka. Pima mafuta kwa kijiti ndani ya tangi, usiamini geji. Chota mafuta chini ya tangi uangalie maji. Sehemu kubwa ya dharura za injini hukutana nawe pale pale kwenye maegesho, zikiwa bado ndogo.

Ukitua shambani na kusimama salama, zima kila kitu, toka, na usogee mbali kuelekea upande upepo unakotoka. Kitoa ishara cha dharura cha megahezi 406, kama hakijajiwasha kwa mtikisiko, kiwashe mwenyewe. Piga simu. Hata kama ndege inaonekana nzima na uwanja unaonekana mrefu, usijaribu kuirusha kutoka pale. Fundi ataikagua kwanza.